Kizibo cha Egide

Jumatatu, 12 Januari

Nesi Sauda ameniambia niandike. Mtoto ameiomba nyonyo ya mpira saa gani, nilimpa au sikumpa, na kama sikumpa, ni kitu gani kilimtuliza. "Ukiandika utamjua mwanao," akasema. Nimepekua nyumba nzima kutafuta daftari, nimepata hili la kidato cha nne, nusu yake ni Jiografia.

Tulikwenda kliniki Inyonga kwa sababu ya sikio la Egide linalotoa usaha. Nesi aliichomoa nyonyo mdomoni mwake, ikatoka na mlio kama soda inayofunguliwa, akamtazama meno. Ya juu yameanza kwenda mbele. Mtoto ana mwaka na miezi kumi na hana neno hata moja, ni mm na mmh tu, kama mzee aliyenuna. Nesi akasema sikio, meno na kutosema, huenda vyote vina mkono wa hiyo nyonyo ya mpira. Nimwachishe polepole, kwanza mchana, halafu usiku, bila kumtisha na bila kuipaka kitu chochote.

Nikaitikia. Sikumwambia kwamba bila nyonyo sisi hatulimi. Aliileta shoga yangu Zuhra, mwenye duka la nguo za watoto Mpanda mjini, wakati Egide alipokuwa mchanga na analia kutwa kucha. Tangu hapo namlaza kwenye mkeka pembeni ya shamba, yeye anafyonza, mimi napalilia tumbaku. Baba yake, Leonidas, anaiita kibarua wetu asiyekula.

Jumatano, 14 Januari

Nimeificha mpaka mchana. Egide alilia hadi jirani yetu Abednego akapiga hodi kuuliza kama tumefiwa. Nikampa.

Jumapili, 18 Januari

Mama mkwe amepiga simu kutoka Mishamo. Hakuuliza mvua, hakuuliza tumbaku.

"Bado mmemziba mtoto kile kizibo?"

"Tunamwachisha, mama. Polepole."

"Polepole," akasema. "Nakuja kuwasaidia kuchuma. Msimu ukiisha narudi naye. Kwangu kizibo kitaisha na maneno yatatoka."

Katika ukoo wa mume wangu, mtoto anayegoma kuacha ziwa anapelekwa kwa bibi yake mpaka asahau. Hata kwetu desturi hiyo ipo, sikatai. Lakini kwetu mtoto anarudi. Wifi yangu Spès alimtoa binti yake Recho, anyweshwe uji kwa huyu huyu mama mkwe wiki mbili, asahau ziwa. Wiki mbili! Sasa Recho yuko darasa la pili Mishamo. Krismasi tulikuwa wote pale, nikamsikia kwa masikio yangu akimwita bibi yake mama, na Spès akimwita dada. Spès akacheka. Nilikuwa nimekaa naye jamvi moja, niliona alivyocheka.

Nilimwambia Leonidas mwanangu haendi popote.

"Mama akishasema amesema," akajibu, macho kwenye jembe analolitia mpini.

"Basi nitamwachisha mimi kabla hajafika."

"Mwachishe."

Kama vile ni kufunga mlango.

Alhamisi, 22 Januari

Nesi alikataza kupaka kitu, lakini nesi halali nyumbani kwangu. Nilichuma shubiri nyuma ya choo, nikaipaka nyonyo kama bibi zetu walivyopaka ziwa. Egide alikunja uso mzima. Akaitoa, akaitazama, akairudisha mdomoni, akaendelea kufyonza huku machozi yanamtiririka. Nikaona haya, nikamwosha mdomo. Ukaidi huu ni wa kwao, wala si wa kwetu.

Jumamosi, 31 Januari

Mvua wiki nzima. Leo niliikata nyonyo ncha kwa wembe ili isifyonzeke. Egide aliniletea vipande vyote viwili, akaviweka kwenye kiganja changu, akasimama kungoja nivitengeneze. Hakulia. Angelia ningevumilia. Nilivaa kanda mbili nikaenda kwa Anuari dukani nikanunua nyingine, na njia nzima nilijitukana.

Jumatatu, 9 Februari

Nimegundua dawa. Nikimbeba mgongoni haiombi. Leo nimepunguza machipukizi ya tumbaku mstari baada ya mstari, yeye yuko mgongoni, anashikashika majani yanapompita, na hakuiomba hadi jua linazama. Nimefurahi hadi nimeimba. Nikipata wiki mbili za hivi, mama mkwe atakuta mtoto mwenye mdomo wazi na atarudi na begi lake kama alivyokuja.

Jumatano, 11 Februari

Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo wanavyosema. Huyu kaja mwenyeji augue.

Mama Vénérande ameshuka kwenye bodaboda mapema kuliko tulivyomtarajia. Badala ya kukaa nyumbani anywe maji, alinifuata shambani na viatu vyake vya safari. Nilisikia kelele kabla sijamwona. "Mtoe! Mtoe kwenye majani!" Nilidhani ameona nyoka. Alifika, akafungua kanga yangu mwenyewe, akamchomoa Egide mgongoni kwangu kama anayeokoa mtu kwenye moto. Hata shikamoo yangu hakuipokea. Akaondoka naye, mtoto analia, mimi nimesimama katikati ya tumbaku na kanga inaning'inia.

Nilipofika nyumbani nikamkuta Egide ana nyonyo mdomoni.

"Mama, leo hakuwa ameiomba."

"Afadhali kizibo," akasema, "kuliko shamba."

Mtu aliyenipigia simu kuniambia nimemziba mtoto! Simwelewi. Au namwelewa vizuri mno: anataka akifika Mishamo ndiyo aache, asiache mikononi mwangu.

Jumatatu, 16 Februari

Tumeanza kuchuma. Majani ya chini yameiva, tunayachuma mapema kabla ya jua kali, tunayafunga kwenye fito, Leonidas anayatundika ndani ya bani, banda la kukaushia, na kuwasha moto. Ukichuma saa mbili tu mikono inakuwa myeusi. Utomvu wa tumbaku unanata kama lami, sabuni haiuwezi, na ukisahau ukalamba kidole, uchungu wake unashinda mdomoni hadi kesho.

Narudi nimechoka, matiti yananiuma kwa kumbukumbu tu, nataka mwanangu. Nanyoosha mikono, na mama mkwe anageuka naye upande wa pili. "Nawa kwanza." Nimenawa. "Nawa tena." Kila siku, mbele ya vibarua, kama vile mimi ni uchafu. Yeye amejitengea kazi za nyumbani, kuota moto na mtoto, na juu ya hayo anachuma nyanya zangu mbichi kule bustanini, kijani kabisa, anaziharibu. Nilimwuliza anazipeleka wapi. "Zina kazi," akasema.

Jumanne, 17 Februari

Mvua. Tumechuma.

Alhamisi, 19 Februari

Mvua. Moto wa bani umezimika na kuwashwa tena. Egide kaiomba nyonyo asubuhi, mchana na jioni, bibi yake akampa, nikaandika kama nesi alivyosema, kalamu ikatoboa karatasi.

Jumapili, 22 Februari

Baada ya ibada nimemkuta mama mkwe anafua nguo za Egide. Zote, hadi sweta ambalo havai wakati huu. Zilipokauka akazikunja vizuri akaziweka kwenye begi lake. Begi lake, si kabati letu. Nilingoja aende kuoga, nikazitoa nikazirudisha kabatini. Jioni zilikuwa zimerudi kwenye begi. Tulikula ugali wa muhogo na dagaa wa Karema, tukapokezana chumvi kwa adabu.

Jumanne, 24 Februari

Nimemwambia Leonidas achague. Nilimwambia kule kwenye bani, moto unavuma, ili mama yake asisikie. Nilimwambia mimi siyo Spès, sitacheka. Alikuwa amechoka, macho mekundu kwa moshi.

"Ana haki kidogo," akasema. "Mtoto hasemi, Emelyne."

"Atasema. Kikitoka hicho kitu atasema. Lakini mama yako anampa kila nikigeuka."

Akachokonoa moto. Halafu akasema, "Kizibo kikitoka kabla ya msimu kuisha, mama hatakuwa na sababu."

"Ndiyo."

"Basi niachie mimi."

Kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze nimejisikia nina mume.

Jumatano, 4 Machi

Naandika kwenye benchi la kituo cha afya. Egide amelala, ana dripu mkononi. Anapumua vizuri. Naandika tena: anapumua vizuri.

Ilikuwa jana. Asubuhi Leonidas alimpa mtoto nyonyo yake kabla ya kwenda msituni kukata kuni za bani. Nilimwona ameinama kwenye mkeka, nikafurahi, maana si kawaida yake. Mama mkwe alikuwa ameenda kuchota maji. Mimi nilikuwa chini ya banda nafunga majani kwenye fito. Nikamsikia Egide anatapika. Nilidhani ni uji. Akatapika tena na tena, mate yanamtoka bila kukatika, jasho la baridi, midomo imepauka. Nilimsimamisha, miguu ikakataa. Ikalegea kama ya mtoto wa jana.

Mama alitokea na ndoo kichwani. Hakupiga kelele. Aliitua ndoo, akaokota nyonyo chini, akainusa, na uso wake ukawa wa mtu mwingine. Akaitupa mbali. Akamlaza Egide ubavu, akachovya pindo la kanga safi kwenye maji, akamfuta fizi, ulimi, ndani ya mashavu, akasuuza, akafuta tena, haraka haraka lakini bila kukosea. Alijua la kufanya. Hilo ndilo lililonitisha, alijua mno.

Abednego alitoa pikipiki yake. Tulipanda mshikaki, yeye mbele, mimi katikati na mtoto, mama nyuma amenishika mimi na mtoto kwa pamoja. Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri. Kwenye kalavati maji yalikuwa yamepita juu ya barabara, pikipiki ikazimika, tukashuka. Mama alimchukua Egide, akamwinua juu ya kichwa chake kwa mikono miwili, akaingia majini yakamfika mapajani. Nilimfuata nimeshika kanga yake. Alikuwa anamwimbia Kirundi chao, "Hora, hora, mwana wanje," nyamaza mwanangu, na mtoto hakuwa analia. Ningetoa shamba lote alie.

Daktari aliuliza, "Amekula nini?"

Kabla sijafungua mdomo mama akajibu. "Tumbaku. Ilikuwa kwenye nyonyo."

Hapo ndipo kila kitu kilinipangika kichwani. Nguo kwenye begi. Nyonyo anayompa nikigeuka. Mikono yake inayojua. Nikasema, na nilisema kwa sauti, wagonjwa wote wakageuka: "Ni wewe! Umempaka mtoto wangu sumu ili aache, uondoke naye. Umemla Recho, sasa unamtaka huyu."

Alinitazama. Maji yalikuwa yanamtiririka kwenye nguo. Akasema, "Mtibuni kwanza," akatoka nje akakaa verandani kwenye saruji. Amekaa hapo mpaka sasa. Watu wananiletea uji, yeye hakuna anayemletea, na mimi sijampelekea.

Alhamisi, 5 Machi

Leonidas amefika leo. Alichelewa kutoka msituni, mto ukamfungia njia, habari alizipata kwa Abednego. Aliingia wodini na matope hadi magotini, akamtazama mtoto, akamgusa mguu, akakaa chini sakafuni pale pale.

"Ni mimi," akasema.

Sikumwelewa.

"Nilipaka kidogo tu. Utomvu uliokuwa kwenye kidole. Tulikubaliana akiacha kabla ya msimu kuisha mama hatakuwa na sababu. Nikadhani atasikia uchungu, ataitema, basi." Akawa analia kama hajawahi kufundishwa kulia. "Mimi mwenyewe niliachishwa hivyo! Mama amesema siku zote, Leonidas aliacha ziwa msimu wa tumbaku, aliacha mwenyewe. Nikajua ni uchungu wa mikono yake."

Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilikuwa nimempekua mama mkwe nguo zote, za kwangu sikuzigusa.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alisikia kuanzia wapi. Aliingia, akakaa kwenye ncha ya kitanda, mbali na mtoto, mikono imefichwa ndani ya kanga.

"Hukuacha mwenyewe," akamwambia mwanawe. "Hukuwepo. Nilikupeleka kwa mama yangu kabla hatujaanza kuchuma, ukakaa hadi tumbaku yote ikauzwa. Uliporudi ulikuwa umesahau ziwa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya Aristide."

Leonidas hakuwahi kulisikia jina hilo, niliona. Mama alilisema tena kama mtu anayejaribu mlango wa zamani. Alikuwa wa kwanza. Alikuwa na umri huu wa Egide. Mwaka ule ndio walikuwa wamepewa shamba, wanalima tumbaku kwa mara ya kwanza, hawaijui. Mama alikuwa anachuma toka asubuhi, majani yamelowa mvua, akirudi anamchukua mtoto ananyonya, na utomvu uko mikononi, uko kifuani, uko kwenye nguo. Mtoto akaanza kutapika. Wakasema malaria. Wengine wakasema jirani ana mkono mbaya. "Hakuna daktari aliyeniambia," akasema. "Hata leo sijui kwa hakika. Lakini mimi ndiye niliyemnusa mdomo, na mdomo wake ulikuwa unanuka mikono yangu."

Mama akaendelea, sasa anaongea na mimi.

"Ndiyo maana nawachukua, mama Egide. Nilimchukua Recho kwa sababu nyumba ya Spès iko ukutani mwa bani, na kwangu silimi tena tumbaku. Wiki mbili zikaisha, nikasema tumbaku haijatoka. Ikatoka, nikasema msimu mwingine unakuja. Nikaogopa. Nilishindwa kumrudisha." Akavuta pumzi. "Kizibo sikipendi. Lakini shambani nilikuona umembeba, anashika majani, kisha anatia mkono mdomoni. Kile kizibo angalau kilikuwa kinakaa mahali pa mkono."

Nilipiga magoti pale pale, mbele ya watu. Nikamwomba radhi, maneno yakagongana mdomoni. Yeye akaniambia, "Inuka, sakafu ina maji."

Nilimpelekea uji. Akaunywa wote.

Jumapili, 8 Machi

Tumerudi. Leonidas ametupa nyonyo zote kwenye moto wa bani, hata ile iliyokatwa ncha. Egide hakuiomba. Hakuiomba asubuhi, hakuiomba mchana, amelala bila nyonyo akiwa ameshika sikio lake. Nimeandika kama nilivyoagizwa. Nilingoja furaha ije.

Jioni nilimtengenezea tonge la ugali nikamnyooshea. Akanusa vidole vyangu. Uso wake ukakunjika, akageuza kichwa, akaficha mdomo kwenye bega lake mwenyewe. Nikajaribu tena. Akapiga yowe.

Nilitaka aache kizibo. Ameacha na mimi.

Jumanne, 10 Machi

Anakula kwa kijiko, anakula kwa mkono wa baba yake, ambaye ana hatia na haligusi jani siku hizi bila mifuko ya plastiki mikononi. Kwa mkono wangu hali. Nimenawa kwa sabuni ya unga, kwa mafuta ya taa, nimejisugua kwa mchanga hadi ngozi ikatoka. Harufu iko palepale.

Mama alinikuta kisimani. Alikuwa na nyanya mbichi kwenye bakuli. Akapasua moja, akanikamua maji yake kwenye viganja, akasugua kwa majivu kidogo, kati ya vidole, chini ya kucha. Utomvu ukaanza kutoka, maji yakawa ya kijani kibichi, kisha ya kahawia, kisha meupe. Ndizo zile nyanya alizokuwa "anaziharibu". Alikuwa ananichumia kila jioni, anaziweka karibu na beseni, na mimi nilikuwa nazitupa nikidhani ni takataka.

"Uliponiambia ninawe tena," nikasema, "ungeniambia sababu."

"Ningelitaja jina lake," akasema. "Sikuwa nalitaja."

Halafu akafunga kitambaa kichwani. "Kuanzia kesho kaa na mtoto. Mimi nitachuma."

"Mama, hapana. Na goti lako?"

"Goti halichumi."

Jumamosi, 21 Machi

Mvua. Mama yuko shambani. Mimi niko nyumbani na mikono safi, nanuka nyanya.

Egide amesema "maji". Alisema na kuyaonyesha. Nilimpa, akanywa, akasema tena "maji" ingawa kikombe kilikuwa tupu, nadhani kwa raha tu ya kusema. Meno yake ya mbele yanaonekana akicheka. Yamekaa kama mlango ulioachwa wazi. Nesi amesema huenda yakarudi.

Alhamisi, 2 Aprili

Amekula kwa mkono wangu. Alinusa kwanza. Siandiki zaidi.

Jumapili, 5 Aprili, Pasaka

Kuna kitu nimekiona leo na nimekasirika kwamba sikukiona mapema. Mama hamgusi Egide. Tangu aanze kuchuma, hajamgusa hata mara moja. Anakaa ng'ambo ya ua kwenye kigoda, mikono ndani ya kanga, anamsemesha kutoka huko. Leo mtoto alimkimbilia akiita "Bibi! Bibi!" na yeye akainuka, akarudi nyuma hadi ukutani, anacheka na huku anasema, "Mshike, mshike jamani, mshike." Nikamshika. Aliyekuja kumchukua mtoto wangu ameishi naye karibu mwezi mzima kwa umbali wa ua.

Nilimpelekea nyanya. Akasugua, akanusa mikono yake, akatikisa kichwa. "Yangu ilishaingia ndani," akasema. Begi lake liko chini ya kitanda. Nililichungulia. Nguo za Egide amezirudisha kabatini mwenyewe, hata sijui lini.

Ijumaa, 17 Aprili

Majani ya mwisho yameingia bani. Kesho mama anarudi Mishamo. Tumbaku iliyokauka tumeiingiza ndani ya nyumba, maana mvua bado na ghala limejaa. Imefika hadi dirishani, imejaa chumba tunacholala. Wiki zinazokuja ni kuchambua na kufunga marobota, vumbi la tumbaku litakuwa kwenye maji, kwenye vyombo, kwenye shuka. Egide sasa anazunguka kila pembe, anashika kila kitu, na hana kitu chochote mdomoni cha kuuziba mkono.

Mama hajaomba. Nimengoja aombe, siku nzima. Alifunga begi lake, akasugua viatu vyake, akasifu mchicha. Leonidas naye kimya, ameshajifunza kutopanga mambo peke yake.

Namfikiria Spès kwenye jamvi, anacheka.

Jumamosi, 18 Aprili

Nimeamka kabla ya jogoo nikakunja nguo za Egide. Zote, hadi sweta.

Stendi ya Inyonga ilikuwa na matope na watu. Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa basi, ameshatuaga kwa mbali kama kawaida yake, mikono imefichwa. Nikamkabidhi kifurushi. Alikipapasa, akajua ni nini kabla ya kukifungua.

"Mama Egide. Hizi ni nguo."

"Wiki mbili, mama. Mpaka tumbaku itoke ndani ya nyumba."

Kondakta alikuwa anapiga bodi la gari, twende, twende. Mama hakusogea. "Unanijua," akasema. "Unajua nilichomfanyia Spès."

"Najua."

"Sasa?"

Nilikuwa na nyanya mbichi tano kwenye mfuko wa plastiki. Nilimtoa mikono yake ndani ya kanga, mmoja mmoja, ilikuwa myeusi kuliko yangu ilivyowahi kuwa. Nikazipasua nyanya kwa meno, nikakamua, nikasugua pale pale mbele ya abiria, kati ya vidole, chini ya kucha, ukijani ukatiririka kwenye matope. Watu walitutazama kama vichaa. Kondakta akasema, "Nyie akina mama, gari linaondoka bana!" Leonidas akamwambia gari litangoja, na kwa mara ya kwanza nikasikia sauti yake inaamrisha mtu.

Nikamshusha Egide. Mama aliinama, akamnyooshea kiganja kimoja, mbali kidogo, kama mtu anayemlisha ndege. Egide alikinusa. Akakinusa tena. Akaenda.

Mama alimkumbatia bila kutoa sauti. Alipoinuka, uso ulikuwa umelowa wote. "Nitamrudisha," akaniambia. "Huyu nitamrudisha. Na Recho nitamrudisha kwa mama yake, uje twende wote."

Basi lilipoanza kutembea Egide alielewa. Alijitupa dirishani, viganja viwili kwenye kioo, na mdomo wake, ambao hauna kizibo, ukafunguka wote.

Nesi aliniambia niandike mtoto ameomba nini na saa gani, na kama nilimpa. Leo asubuhi, stendi, hakuomba nyonyo. Aliomba "Mama". Sikumpa.